Aliyevaa Ukuta wa Nyumba Yake

Nikutegee. Nimevaa ukuta wa nyumba yangu. Mgeni akiingia anaona ukuta tu, anatoka bila kunisalimu. Mimi ni nani?

Usikimbilie. Wengi husema konokono, na konokono nimemkataa miaka mingi, maana yeye hakuvaa ukuta, kabeba nyumba nzima mgongoni kama mtu anayemkimbia mwenye nyumba. Wengine husema kaa. Jirani yangu Chayo alisema ni mume wake siku ya kufua. Nilicheka, lakini na hilo nikalikataa.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Nipe Ensenada, nikanunue viatu mara moja, kisha nitakurudishia.

Jibu ni samaki. Sisi wa Punta Cordel tunamwita sargasero, yaani yule wa mwani. Mwenyewe hafiki shubiri. Mdomo umechongoka, na mgongoni ana pezi moja lenye marinda, kuanzia kisogoni mpaka karibu na mkia. Akikaa kwenye mwani mwekundu huwa mwekundu. Akikaa kwenye majani ya kijani huwa wa kijani. Na kwenye ule mwani mrefu unaoota kama msitu na kuelea juu ya maji huwa wa kahawia kama huo mwani. Tena hujiyumbisha mwani unavyoyumba. Hata ukimtia kwenye ndoo isiyo na wimbi hujiyumbisha, maskini, akidhani unamwona jani.

Nimeishi naye miaka sitini na tatu na nilimwona vizuri mwaka juzi tu. Nitakueleza ilivyokuwa, maana ndani yake kuna swali ambalo lilinikaa kooni msimu mzima kama mwiba.

Kazi ya kambi yetu ni mwani mwekundu. Wanaume wanazama na mpira wa hewa mdomoni, kompresa inanguruma juu ya mashua, wanapanda na mifuko ya wavu iliyojaa. Wakishaimwaga ufukweni, kazi inakuwa yetu wanawake. Tunachambua, tunaanika kwenye uwanja wa changarawe, tunageuza kwa reki ukungu ukiondoka, tunafunika ukungu ukirudi, na ukishakauka mpaka unalia kama karatasi tunaufunga marobota.

Mnunuzi anataka mwekundu peke yake. Kwa hiyo macho yetu tumeyafundisha jambo moja, kutafuta kisicho chekundu. Jani la kahawia, ng'oa. Jani la kijani, tupa. Baada ya miaka kumi mikono inakwenda yenyewe huku mdomo unasengenya. Na kosa letu lilikaa hapo hapo, kosa la wachambua mwani, sidhani kama kuna wengine wanaolifanya. Samaki mwekundu ndani ya mwani mwekundu, kwetu sisi alikuwa mwani. Tulimwanika, tukamgeuza kwa reki, tukamfunga kwenye robota. Akishafungwa ndipo anapojitambulisha, kwa harufu.

Zamani mnunuzi hakujali. Mwaka juzi alianza kujali.

Mwaka huohuo ndipo Librado alipoletwa uwanjani. Librado ni mume wa binti yangu Nereida. Alizama miaka ishirini na sita, na hakukuwa na mzamiaji wa kumfikia katika kujaza mifuko. Mwezi wa tatu kompresa ilizima yeye akiwa pima nane chini. Akapanda kwa pumzi moja, na ile hewa ikamkaa kwenye viungo. Daktari alimwambia amshukuru Mungu kwa mguu mmoja mzima na wa pili nusu, na asiguse tena mpira wa hewa. Ushirika ukamwomba Doña Obdulia, msimamizi wetu, ampe nafasi ya kuchambua.

Uwanja ule haukuwahi kuwa na mwanamume, labda aje kuomba kahawa. Lakini Obdulia alikubali. Kila mchambuzi ana tandiko lake la mwani, na kwenye kona anaweka alama yake. Yangu ni ganda la abaloni lililotoboka. Ya Chayo ni mwanasesere asiye na kichwa. Librado aliweka kipande cha risasi kutoka mkanda wake wa kuzamia, ule uzito unaomshusha mtu chini. Alikiweka polepole, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza kazi.

Na kazi ikawa mbaya. Siwezi kumtetea hapo. Mwani wake ulikuwa na kahawia, ulikuwa na kijani, ulikuwa na kila kitu. Chayo alipita siku ya pili, akasimama, akashika kiuno.

“Don Librado,” alisema, “hiyo ni saladi. Nikuletee ndimu?”

Librado akacheka naye. Akasema ndimu aongeze na chumvi. Lakini nilimwona jioni ile akiinua majani mawili, moja mkono huu, moja mkono huu, akiyatazama kama mtu anayesoma barua ya lugha ngeni. Nikadhani ni mawazo ya mguu.

Obdulia ni mwanamke wa haki, lakini haki yake haina mafuta, ni mfupa mtupu. Alivumilia wiki tatu. Kisha akaja kwangu, kwa kuwa mimi ni mkwe wa Librado na habari mbaya hupitia kwa mkwe, akasema atamngoja mpaka lori la mwisho la msimu litakapopakiwa. Kama tandiko lenye risasi litakuwa bado limechanganyika, risasi itaondoka. Hawezi kuomba kila mwanamke achambue mara mbili.

Nilijua maana yake. Librado ana kaka yake Tijuana aliyekwisha mtafutia kazi ya kulinda ghala la vigae. Kambini hakuna kazi nyingine kwa mtu asiyezama. Akiondolewa uwanjani, ataondoka Punta Cordel, na Nereida ataondoka naye. Nereida alisema hivyo akikanda unga wa tortilla, bila kulia, akiupiga unga kuliko unavyohitaji. Mimi ningebaki na paka, na paka mwenyewe ni wa Chayo.

Sasa ndipo samaki anapoingia.

Ilikuwa wiki hiyohiyo, asubuhi. Mifuko ilikuwa imemwagwa, mwani bado unatiririka maji. Mimi na Librado tulikuwa tunachambua tandiko kwa tandiko. Akanyoosha mkono mbele ya pua yangu, pale nilipokwisha pitisha vidole vyangu mara mbili, akatoa samaki. Mzima, anapumua kwa hasira, mwekundu kama mwani wenyewe, mpaka na madoa meupe kama yale ya chokaa yanayoota juu ya mwani mkuukuu. Sargasero huvumilia nje ya maji, mradi aufunike mwili kwa majani mabichi.

Nikamuuliza amemwonaje.

“Kwa macho, mama mkwe.”

“Na mimi nina nini hapa, vifungo vya shati?”

Akatabasamu, akamtia samaki kwenye ndoo ya maji. Muda mfupi baadaye akatoa mwingine, kutoka tandiko la Chayo, hatua nne kutoka alipokaa. Kufikia saa sita ndoo ilikuwa na sargasero tisa. Mimi nilikuwa sijaona hata mmoja, na macho yangu bado yanatunga sindano.

Ikawa kila siku hivyo. Jioni alikokota ule mguu mpaka mwambani, akawamwaga kwenye madimbwi. Chayo alimwambia awape paka. Librado akasema paka ana kazi yake na samaki wana yao.

Nami swali likanishika. Mtu anayependa vitendawili ni mgonjwa, naomba unielewe. Akipewa swali lisilo na jibu hali chakula kikamshuka. Huyu hawezi kutofautisha jani la kijani na jekundu lililoko mkononi mwake, lakini anamwona samaki ambaye Mungu mwenyewe kamficha. Anawaonaje?

Kwanza nilidhani anawasikia. Nikamwekea redio karibu, nikaipandisha. Akawatoa saba, huku anapiga mluzi kufuata wimbo. Nikadhani ni harufu, kwa kuwa wazamiaji wana pua za ajabu. Nikamchomea pilipili kavu upande wa upepo, nikisingizia ni ya mchuzi. Tukakohoa uwanja mzima, Obdulia akanisema, na Librado, machozi yakimtoka, akatoa wawili. Akaniuliza kama kesho nitamchomea viatu.

“Nataka kujua tu,” nikamwambia. “Unawaonaje, mwanangu?”

Akainama. Akasema mwani wa leo ni mzito, labda bahari ilikuwa na mkondo. Hilo si jibu, nawe umesikia.

Nikaamua kumuuliza samaki mwenyewe.

Nyuma ya mwamba wa mashariki kuna dimbwi dogo lenye majani marefu ya kijani, yale membamba kama utepe. Nilichukua sargasero mmoja mwekundu kutoka ndoo ya Librado, nikamtia humo, nikaziba mlango wa maji kwa mawe ili asitoke bahari ikijaa. Nilitaka kuona kama kweli anabadili nguo au huzaliwa nayo. Wanawake wa zamani walisema ni samaki watatu, mwekundu na ukoo wake, wa kijani na ukoo wake, wa kahawia na wake. Mama yangu alisema hata hawaoani. Nilisoma mpaka darasa la sita, na mwalimu alitufundisha kwamba ukitaka kujua kitu kikodolee macho mpaka kione haya. Basi kila asubuhi nilikwenda na kikombe changu cha kahawa, nikakaa kwenye jiwe baridi, nikakodoa.

Siku ya kwanza alionekana kama pilipili kwenye bakuli la majani ya kijani ya mpungate wa kuchemsha. Alijua mwenyewe kwamba ameumbuka, kwa sababu alijibanza kwenye ufa akanitolea jicho. Siku ya pili vilevile. Nilimletea vidudu vya mchangani, akavila kwa aibu. Siku ya tatu nikaona ametoka ufani, amesimama wima kichwa chini katikati ya majani, anayumba nayo, mwekundu vilevile. Nikacheka peke yangu. Alikuwa kama mtu aliyekwenda msibani na gauni la harusi, akaamua kulia kwa sauti zaidi ili asionekane.

Siku ya nne Librado alipita na ndoo yake. Nikamwita aje aone. Akainamia dimbwi, na kabla sijanyoosha kidole akasema yule pale, kichwa chini, karibu na jiwe lenye kome.

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu, nami nilikuwa natamani mno samaki abadilike. Nikasema kama mtu anayejisemea, “Ameanza kuwa wa kijani, eh?”

“Ameshakuwa,” Librado akajibu. “Kijani kabisa. Huwezi kumtofautisha na majani.”

Nikamtazama samaki. Alikuwa mwekundu. Alikuwa mwekundu kiasi kwamba hata ukungu ulimwogopa.

Nikamtazama mkwe wangu. Alikuwa ananitazama mdomo, kuona kama amesema sawa.

Nikanywa kahawa, na kahawa ilikwisha poa. Kichwani mwangu mambo yakaanza kujipanga bila kuitwa. Nereida humtandikia shati na suruali kitandani kila siku tangu waoane, nami nilimwita binti yangu mjinga wa mapenzi. Nyanya alizoniletea Librado mara moja, kilo nzima, ngumu na za kijani kama mawe ya mtoni, akasema nzuri zimeiva. Na mashua yake, mwaka wa harusi, aliyoipaka mwenyewe: ubavu mmoja wa kijani, ubavu wa pili mwekundu wa matofali. Kambi nzima ilicheka. Naye akacheka kuliko wote, akasema amefanya makusudi, ili bahari isimzoee. Tukasema Librado ana vituko. Miaka kumi na tisa tulisema Librado ana vituko.

Lakini nilipata nusu tu ya kitendawili. Mtu asiyeijua nyekundu, sawa, ataacha kahawia kwenye tandiko. Sasa samaki je? Kama mimi mwenye rangi zote simwoni, asiye na rangi anamwonaje? Nusu hii ilikuwa tamu kuliko ile, na sikuweza kuiuliza bila kuigusa ile. Mtu akificha jambo tangu utoto, humfichui kwa kumdokoa ubavuni. Nikajaribu kwa mlango wa nyuma. Nikamtegea kile kitendawili cha ukuta.

Akazungusha ndoo yake.

“Hicho niachie, mama mkwe,” akasema. “Ipo siku nitakupa mji.”

Yule samaki alichukua siku kumi na moja. Kwanza alififia akawa kama udongo, halafu rangi ya zeituni, halafu asubuhi moja nikafika nikadhani ameliwa na korongo. Nilikaa mpaka kahawa ikaisha ndipo utepe mmoja wa majani ukanikonyeza jicho. Mama yangu, Mungu amlaze pema, alikosea. Ni samaki mmoja. Nilitaka kumweleza mtu, na wa kwanza kumfikiria alikuwa Librado, na Librado ndiye pekee ambaye kwake habari ile haikuwa habari.

Jumanne ya wiki ya mwisho mkaguzi wa mnunuzi akaja. Alipasua marobota manne kwa kisu, akaingiza pua. Matatu yalikuwa na sargasero, wamekauka, wamekunjamana, wananuka kama viatu vya shetani. Hakupiga kelele. Alisema Ijumaa atakuja na lori na atapasua kumi. Akikuta samaki hata mmoja, lori litageuka tupu, na msimu ujao ataanzia kambi ya ng'ambo ya ghuba.

Usiku sisi hatukulala vizuri, hiyo ni kawaida, sitakuchosha nayo. Asubuhi ya Alhamisi Obdulia akatutoa wote uwanjani, tukayakung'uta yale matandiko yaliyokuwa tayari kufungwa. Mwani ukikauka hugeuka rangi ya divai, na samaki aliyekauka ndani yake hugeuka nao. Tulipiga magoti kwa mistari kama wanaoungama. Kwa saa mbili nzima, wanawake kumi na wanne, tukapata wawili. Mmoja nilimkalia.

Librado alikuwa kwenye tandiko lake, hajaitwa. Nilimwona akitazama, anajizuia, mikono chini ya makwapa. Mwisho akasimama. Akachukua fimbo yake akaanza kupita kati ya matandiko, anakokota mguu, na kila baada ya hatua mbili tatu anagusa mwani kwa ncha. Hapa. Na hapa. Chayo akainama kwenye ncha ya fimbo, akatoa samaki. Akainama tena, akatoa mwingine. Mara ya tano akaacha kufanya utani. Walipofika mwisho wa uwanja aproni ya Chayo ilikuwa na sargasero kumi na saba.

Ungedhani tulishangilia. Kumi na saba walikuwa pale mbele ya macho yetu, na macho yetu yalikuwa yamepita juu yao tangu Jumatatu.

Obdulia akaja, akatazama aproni. Akatazama ndoo ya Librado, ile ya kila jioni, imekaa kando ya kipande cha risasi. Nilimwona akijumlisha, na nikajua jumla anayoipata kabla hajaitamka.

Alisema kwa sauti ya kawaida kwamba wazee walikuwa na msemo, anayejua kilipofichwa ni aliyekificha. Msimu mzima kambi hii imemwona mtu mmoja akitembea na ndoo ya sargasero. Mtu huyo ameambiwa tandiko lake litaondolewa. Halafu marobota yanaanza kunuka, marobota ya wengine, na leo mtu huyohuyo anapita na fimbo kama nabii.

Mwanamke mmoja nyuma akasema ndiyo. Mwingine akasema hata yeye alikuwa anajiuliza. Chayo akasema, taratibu, kwamba Don Librado ni mchambuzi mbovu lakini si mchawi wala mbaya, na mtu asiyeweza kuchambua saladi hawezi kupanga njama. Hakuna aliyecheka.

Nereida alikuwa ameleta chupa ya kahawa. Aliiweka chini akaja kusimama karibu na mumewe, akaushika mkono wa lile shati alilomtandikia asubuhi. Nikafungua mdomo. Nilikuwa na nusu ya jibu, ningeweza kuimwaga pale na kumwokoa, angalau kwa nusu. Librado akanitazama kupitia juu ya vichwa. Hakukunja uso, alinitazama tu, kama alivyonitazama pale dimbwini. Nikaufunga mdomo. Kazi ngumu kuliko hiyo sijafanya, na nimezaa watano.

Obdulia akamsogelea mpaka fimbo ikawa katikati yao.

“Mimi sitaki kukuonea,” akasema. “Nitakuuliza mbele ya wote, nawe unijibu mbele ya wote. Sisi kumi na wanne hatukuwaona. Wewe unawaonaje?”

Swali langu. Nililipika na redio na pilipili, nikalipeleka mpaka dimbwini, na sasa lilikuwa limesimama uwanjani halina mahali pa kujificha.

Librado alitazama baharini kwanza. Kisha akainama kwa taabu, akachuma kutoka kwenye rundo la takataka jani moja la kijani, na kutoka kwenye tandiko la Obdulia jani moja jekundu. Akayaweka yote mawili juu ya kiganja kimoja, akampa.

“Haya kwangu ni jani moja, Doña Obdulia. Tangu nizaliwe. Nyekundu siijui, kijani siijui, najua tu kwamba watu wana majina mawili na mimi nakisia. Chini kwenye pima nane hakuna nyekundu kwa mtu yeyote, kila kitu ni cheusi, na huko tulikuwa sawa wote. Nilichuma kwa vidole. Kahawia iliyo kwenye marobota yangu ni yangu, hiyo nishtaki. Samaki si wangu.” Akageuka, akanitafuta. “Na wewe, mama mkwe, umeniuliza vizuri mara nyingi, mji wako huu hapa. Ninyi mnatafuta rangi, naye ameshaivaa. Mimi rangi sina ya kunidanganya, natazama umbo. Mwani wote una matawi, hata kipande kidogo kama ukucha kina tawi. Natafuta kisicho na tawi.”